Sumu ya Tangi la Tatu

Simu iliita mara moja, ikakata. Ikaita tena.

Kipanga akapokea.

"Kisima kimeingia chumvi," ilisema sauti ya Mkuu. "Mwisho saa kumi."

"Nimeelewa."

Maana yake ilikuwa mbaya. Majasusi wa nje walikuwa wamepenya mtambo wa maji wa jiji. Jana walijaribu thaliamu kidogo, metali yenye sumu isiyo na ladha, katika tangi moja kati ya matatu. Leo saa kumi wangemwaga yote. Kuyafunga matangi yote kungewashtua, nao wangetoroka na sumu yao.

Tangi lipi?

Saa nane mchana aliweka chupa tatu za maji, moja ya kila tangi, mezani kwa mkemia pekee aliyemwamini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ukinipa heshima hivyo, najua umeleta balaa."

Shangazi akaingiza maji kwenye mashine. Safi. Safi. Safi.

"Inadanganya?"

"Haidanganyi, haioni. Sumu ni chembe ndani ya maji mengi."

Akatia kila chupa kijiko cha udongo mweupe.

"Udongo huu una tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za kitabu. Metali ikijipenyeza katikati, imenasa."

Akatikisa. Akachuja. Akauosha udongo kwa matone ya asidi, ili kilichonaswa kutoka lita nzima kibaki ndani ya matone yale tu. Akayarudisha kwenye mashine.

Chupa ya kwanza, sifuri.

Ya pili, sifuri.

Ya tatu, namba zikapanda, zikazidi kupanda.

Shangazi akavua miwani. "Tangi hili ndilo linalopeleka maji hospitali."

Kipanga alikuwa ameshafika mlangoni.

Saa kumi kasoro dakika sita. Juu ya tangi la tatu, mfuniko ulikuwa wazi. Fundi wa pampu, mwajiriwa wa miaka sita, alichuchumaa kando ya pipa la bluu.

"Pole na kazi, fundi."

Spana ikaja ikivuma. Ikampata Kipanga begani. Mkono wa kushoto ukafa ganzi.

Fundi akalisukuma pipa kwa teke. Likabingirika kuelekea mdomo wa tangi.

Kipanga akajirusha, akalizuia kwa magoti. Fundi alikuwa ameshachomoa bastola.

Glock ya Kipanga ikawahi.

Mlio mmoja.

Fundi akaanguka, ameshika paja, analia.

"Mkuu, kisima kimefungwa," Kipanga alisema kwenye simu.

"Fundi?"

"Mzima. Ameshaanza kuwataja wenzake, na sijamuuliza."

Shangazi alimsubiri chini ya ngazi, kijiko cha udongo bado mkononi.

"Nimefunga bomba. Lakini maji ya jana yameshanywewa. Dawa ipo, tukiwahi. Lazima nimpime kila mgonjwa."

Kipanga akairudisha bastola kwapani taratibu.

"Anza na kaka yako, shangazi. Jana jioni tulikunywa jagi moja, mimi na baba, pale wodini."

Shangazi alimpa chupa tupu ya mkojo.

Kipanga akaitia mfukoni, akavuka uwanja wa mtambo, bila haraka, kuelekea hospitali.