Furushi la Sauti za Msomaji

Bisibisi alikuwa jirani yetu wa ukuta mmoja, na haya yalimpata mchana kweupe, jua likiwaka, watu wakipita barabarani na shughuli zao. Wapo wanaodhani mambo kama haya husubiri giza. Hayasubiri.

Jina hilo alibandikwa na wateja. Alikuwa fundi wa kompyuta, chumba chake cha mbele ndicho kilikuwa karakana, na bisibisi haikukosa kuchomekwa kwenye nywele zake. Mumewe tulimwita Msomaji, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kusoma vitabu kwa sauti na kuvirekodi kwa ajili ya shule ya watoto wasioona. Alikuwa na sauti nzito, tulivu, ya kumbembeleza hata mdai. Kisha sauti ile ikaanza kukauka. Hospitalini wakapima kila kinachopimika, majibu yakatoka safi, na mwanaume wa watu akafa hana ugonjwa.

Aliyemshika Bisibisi mkono ni dada yake mkubwa. Alihamia pale tangu sauti ya Msomaji ilipoanza kukauka, akapika, akafua, akawa anampeleka binti mdogo wa Bisibisi shule na kumrudisha. Bisibisi akilia, dada analia naye, na ndiye anayemfuta machozi.

"Jumamosi nitaondoka na mtoto akakae kwangu kidogo," dada alimwambia. "Wewe pumzika, mdogo wangu. Mimi si mama yake mkubwa?"

Bisibisi alikubali kwa moyo mweupe.

Siku mbili kabla ya Jumamosi hiyo, mwalimu wa ile shule alipiga simu kuomba rekodi zote za marehemu. Bisibisi akayabana mafaili yote kwenye furushi moja ili yatumwe kwa urahisi, na kabla ya kulituma akalijaribu, kama afanyavyo fundi yeyote mwenye akili zake. Kulijaribu ni kuiamuru programu ipitie furushi zima, faili baada ya faili, ihakikishe hakuna lililoharibika. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye skrini. Dada akaingia na kikombe cha chai. Mstari ukageuka mwekundu: faili limeharibika.

Akalifungua faili lenyewe baada ya dada kutoka. Liko zima kabisa! Mumewe anasoma kana kwamba yuko chumba cha pili. Bisibisi akasonya. Kosa la uongo, hilo analijua. Linaletwa na memori mbovu, au kebo iliyolegea, au programu ya kuua virusi inayodokoa visivyoihusu. Na dawa yake anaijua pia, huwaimbia wateja kila siku: badilisha kitu kimoja tu, ujaribu tena. Ukibadilisha viwili kwa pamoja, hutajua mchawi nani.

Akabadilisha kebo. Kijani, kijani, dada akaja kuchukua kikombe, nyekundu. Akabadilisha memori. Kijani tupu, hadi dada alipopitisha fagio. Akazima ile programu ya kuua virusi. Dada akapita, nyekundu tena. Akahamisha furushi kwenye laptopu ya mteja, mpya, ina harufu ya duka. Likapita salama mwanzo hadi mwisho. Akajaribu mara ya pili ili moyo utulie. Dada akachungulia mlangoni kuuliza chumvi imewekwa wapi.

Nyekundu.

Bisibisi akacheka peke yake. Fundi hapendi uchawi, anapenda kebo. Lakini kila kitu pale mezani kilikuwa kimeshabadilishwa, na kimoja tu kilikuwa bado.

Akamwita jirani mmoja aje asimame karibu na meza. Kijani. Mteja akaja kuulizia simu yake, akaegemea meza vilevile. Kijani. Ndipo akaita, "Dada, njoo unishikie huu waya."

Nyekundu kabla hajaugusa.

Safari hii Bisibisi akavaa visikilizi na kulifungua faili dada akiwa palepale. Msomaji hakusoma. Palikuwa na pumzi tu. Fupi, zilizobanwa, pumzi za mtu aliyejificha nyuma ya mlango asitake kusikika.

Akavua visikilizi taratibu.

"Dada. Ulimfanya nini mume wangu?"

Dada hakushtuka. Hakuuliza "unasema nini?" kama angeuliza mtu asiye na jambo. Aliitazama kompyuta, si mdogo wake, akanong'ona:

"Imekwambia?"

"Nakuuliza wewe."

"Zamu yangu ya kutoa mtu ilikuwa imefika. Wenzangu wanataka mtu wa ndani, si wa barabarani." Akafuta mikono kwenye nguo. "Walikutaja wewe. Nikakuonea huruma. Nikawapa shemeji."

Mikono ile ndiyo iliyomlaza mgonjwa. Ndiyo iliyokoroga uji wake. Na machozi yale yote waliyolia pamoja, mmoja alikuwa akilia, mwingine akimtazama anayelia. Iliuma kuliko msiba wenyewe, maana msiba haukuwahi kumwita "mdogo wangu".

"Unataka nikushukuru?"

Dada akageukia mlango.

"Na mwanangu? Jumamosi ulikuwa unampeleka wapi?"

"Mtoto sijamgusa."

"Apa."

"Naapa kwa kaburi la mama."

Bisibisi akaamini. Mama yao walimzika pamoja, kila mmoja na konzi yake ya udongo. Kuna vitu ambavyo hata mchawi havichezei, ndivyo alivyofikiri.

"Toka. Usibebe hata kijiko."

Tulimwona akitoka na mkoba wake, hakuaga mtu. Bisibisi alikimbia shuleni na ndala miguuni, akamtoa binti darasani, akambeba mgongoni hadi nyumbani ingawa alishapita umri wa kubebwa. Akamwacha uani ananawa, akaketi mezani. Akalijaribu furushi.

Kijani. Kijani hadi mwisho. Hakuna kosa.

Akalia kwa nguvu. Mume alikuwa ameondoka, dada pia, lakini mtoto alibaki, na mtoto alitosha. Akalijaribu tena, kwa raha tu ya kuiona ile rangi.

Binti akaja, mikono imelowa, akamwegemea begani.

Nyekundu.

"Nenda nje kidogo, mama," Bisibisi alimwambia.

Kijani.

"Haya njoo."

Nyekundu.

Akavaa visikilizi. Faili likafunguka. Hakuna kusoma. Pumzi tu, fupi, zilizobanwa, nyuma ya mlango.

Alivibana visikilizi masikioni kwa mikono miwili, sauti isitoroke hata chembe. Binti alikuwa kimya, kichwa amekiinamisha upande, anasikiliza.

"Mama," akanong'ona, "baba ananificha nini? Mbona anajificha kwa sababu yangu?"

Bisibisi akajua kile kiapo cha dada kilikuwa cha uongo, mtoto alishapewa uchawi. Alitaka kumkumbatia. Mikono ikakataa.