Tatu ya Sifa na Tatu ya Delfina

Sifa ana miaka mitano. Amehamia Mtwara kutoka Bukavu.

Ana kamba nzuri nyekundu. Rafiki hana.

Leo kuna mtoto mlangoni. "Mimi ni Delfina," anasema. "Tumetoka Msumbiji. Na mimi niruke?"

"Njoo, njoo!" anasema Sifa. Moyo wake unadunda, du-du-du!

Mama Sifa anafunga kamba kwenye mkorosho. Anashika ncha ya pili na kuizungusha.

Pa! Pa! Pa!

Sifa anaruka. Kule Bukavu, shuleni, alihesabu kwa Kifaransa.

"An! De! Trwa!"

Delfina anacheka. "Unahesabu vibaya! Hebu nisikilize mimi."

Pa! Pa! Pa!

Delfina anaruka. Kwao Msumbiji, shuleni, alihesabu kwa Kireno.

"Um! Doish! Tresh!"

"Wewe ndiye unayekosea!" anasema Sifa.

"Wewe!"

"Wewe!"

Kamba inalala chini.

Delfina anavaa kandambili zake. "Naenda kwetu," anasema.

Machozi yanamlenga Sifa. Rafiki anaondoka!

"Ngojeni kwanza, wanangu," anasema Mama. "Semeni tena tatu. Polepole."

"Trwa," anasema Sifa.

"Tresh," anasema Delfina.

Wanatazamana. "Maneno yetu yanaanza sawasawa!"

"Ni ndugu hayo," anasema Mama. "Zamani sana, mbali kule Roma, watu walisema Kilatini. Tatu, wao walisema *tres*."

"Kisha?"

"Kisha watu wakasambaa. Wengine wakakaa huku, wengine kule. Kidogo kidogo, neno likabadilika midomoni mwao."

"Kwa hiyo sikukosea?" anauliza Sifa.

"Hukukosea."

"Na mimi?" anauliza Delfina.

"Wala wewe."

Delfina anaruka kwa furaha. "Basi trwa na tresh wana bibi mmoja!"

"Tena bibi mzee kweli!" anasema Sifa.

"Haya, mabibi wadogo," anasema Mama. "Mnaruka au hamruki?"

Delfina anavua kandambili. Wanaruka pamoja, bega kwa bega.

"An!" "Um!"

"De!" "Doish!"

"Trwa!" "Tresh!"

Pa! Pa! Pa! Puu! Wameanguka mchangani. Wanacheka, kwa-kwa-kwa!

Jua limezama. Sifa ameoga, amekula, amepanda kitandani.

"Mama, nimepata rafiki."

"Wangapi?" anauliza Mama, akimfunika shuka.

Sifa anainua kidole.

"Mmoja," anasema. "Na kesho anakuja mapema."