Kiendelezi Kilichoitika kwa Sauti Yangu

Jioni ile mafuta ya haradali yaliniishia wakati samaki ameshapakwa manjano na chumvi. Rezwan, mume wangu, akavaa kandambili aende dukani, huku akinung'unika kwamba niliolewa na mhandisi wa kompyuta nikamgeuza tarishi. Nikamwambia tarishi angekuwa ameshafika. Akacheka, akaufunga mlango. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, na nyuma ya nyumba maji ya mfereji yalikuwa yamepanda hadi kwenye ngazi tunazofulia nguo.

Mimi si mwoga. Nauza sari mtandaoni, na mtu anayewauzia sari wanawake wa mji wetu wa Barishal hana nafasi ya kuogopa mashetani. Mteja akiandika "dada, upo?" na usimjibu papo hapo, ameshahamia kwa mwingine. Nilikuwa nalala na kompyuta kando ya mto na kula kwa mkono mmoja. Mama alipofariki, mwanzoni mwa msimu huu wa mvua, niliwajibu wateja macho yakiwa bado yamevimba kwa kilio.

Ndipo Rezwan akanitengenezea kiendelezi. Hiyo ndiyo kazi yake, kutengeneza vile vijiprogramu vinavyopachikwa kwenye kivinjari ili kikufanyie jambo ambalo peke yake hakiliwezi. Hiki kilikaa kikisoma kila ujumbe ulioingia kwenye ukurasa wangu, na mtu akiita jina au kuuliza kama nipo, kinamjibu. Kwa sauti, si kwa maandishi, maana wateja wetu humwamini zaidi muuzaji wanayemsikia. Akanirekodi nikisema maneno machache: "Ndiyo, nipo." "Nakusikiliza." "Subiri kidogo, nakuja."

"Na wakiita baada ya magharibi?" nilimuuliza.

Alijua nasema nini. Kwetu mtu akiitwa jua likishazama, haitiki upesi. Anasubiri aitwe tena, na tena. Nishi, yule anayeita gizani, huazima sauti ya mtu unayempenda, lakini pumzi yake inaishia kwenye wito wa pili. Ukimwitikia, unainuka na kumfuata macho wazi, akili imelala, mpaka majini. Kaka zangu wamesoma Dhaka, wana shahada zao, lakini wakiitwa mlangoni jioni hukaa kimya hadi wito wa tatu. Hawasemi kwa nini. Wanajifanya wanatafuta viatu.

"Mahfuza, wateja hawaiti mara tatu," Rezwan akasema. "Na Nishi hana kompyuta."

Nikacheka. Kivinjari kikaniuliza kama ninaruhusu kiendelezi kisome na kubadilisha kila kitu kwenye kila ukurasa nitakaoufungua. Nikabonyeza ruhusu, kama kila mtu anavyobonyeza.

Kikanifaa kweli. Wenzangu wa kikundi cha wauza sari wakakitaka, na Rezwan, ambaye hajui kumkatalia mtu anayemsifu, akawapa. Hakuhangaika kukipeleka kwenye duka la viendelezi. Alikitia tu kwenye flashi, nao wakanakiliana wao kwa wao, sauti yangu ikiwa humo humo ndani. Nilijiona nyota.

Sasa, jioni ile. Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha umeme ulipokatika. Hilo ni jambo la kila siku. Kompyuta ilikuwa chumbani na chaji yake, na mtambo wa intaneti tumeuwekea betri. Nikawasha mshumaa jikoni, nikaendelea kuosha mchele.

Nikasikia sauti yangu chumbani.

"Ndiyo, nipo."

Mteja, nikajisemea. Nikamwaga maji ya mchele, nikatia mengine. Lakini kulikuwa na harufu... Mafuta ya nazi na tambuu. Harufu ya mama alipokuwa akichana nywele barazani. Nikanusa mikono yangu. Ilinuka samaki tu.

"Nakusikiliza," ikasema tena sauti yangu.

Nikaenda chumbani na mshumaa. Dirisha la ujumbe lilikuwa wazi kwenye kompyuta, na pale panapokaa jina la anayeandika palikuwa patupu. Hapakuwa na picha wala saa. Palikuwa na mistari miwili.

Tuni.

Tuni, mwanangu.

Kwetu kila mtu ana jina la nje na jina la nyumbani. Wateja wananijua kwa jina la Mahfuza. Hata Rezwan ananiita Mahfuza. Aliyekuwa akiniita Tuni ni mama peke yake, na tangu tumzike sijaitwa hivyo na kiumbe yeyote.

Ameniita mara mbili. Na mara zote mbili nilikuwa nimeshaitika.

Nikapiga magoti mbele ya kompyuta nikisubiri mstari wa tatu. Sijawahi kuomba kitu kwa moyo wote kama nilivyoomba ule mstari uje. Niite tena, mama. Mara moja tu... ili nijue ni wewe.

Haukuja. Nje vyura walikuwa wakilia, kisha nao wakanyamaza, wote kwa pamoja.

Nikaifunga kompyuta. Nikachomoa betri ya intaneti. Ndipo nikasikia kitu kwenye mlango wa nyuma, ule wa kwenda majini. Kilikuwa kinakwaruza ubao... polepole... kikinyamaza... kikakwaruza tena.

Hakuna aliyeita. Kulikuwa na pumzi tu, ya mtu anayesubiri kufunguliwa.

Nikaziba mdomo kwa viganja viwili. Siitiki, nikajiapia. Hata ufanye nini, siitiki.

Na kutoka ndani ya kompyuta iliyofungwa, sauti yangu ikasema kwa upole kabisa:

"Subiri kidogo, nakuja."

Yaliyofuata hayakuwa yangu. Nakumbuka ubaridi kwenye vifundo vya miguu, halafu magotini. Nakumbuka furaha pia, na hiyo ndiyo inayonitia aibu mpaka leo. Mbele yangu kulikuwa na mtu anayekwenda ndani ya maji bila kuyatikisa, amenipa mgongo, nywele zake ziko wazi. Nilitaka ageuke tu. Nilitaka kumwona uso.

Rezwan alinikuta maji yamenifika kifuani. Alinivuta kwa nywele hadi kwenye ngazi, chupa ya mafuta ikiwa bado kwapani. Aliniambia alikuwa ameniita kutoka jikoni hadi majini, akaniita mpaka sauti ikamkauka, na mimi sikugeuza hata shingo. Nililia kwa hasira. Nilimwambia amenikatiza, alikuwa karibu kugeuka.

Alikifuta kiendelezi usiku huo huo. Asubuhi akanipa maelezo yake. Kompyuta ikifungwa hailali mara moja, kwa hiyo jibu lililokuwa limechelewa lilitoka baadaye. Aliyeandika ni mhuni fulani aliyelipata jina langu kwa jamaa. Mlangoni ni paka. Na kuhusu harufu, alinishika mkono akasema msiba haujanitoka. Maelezo yake yananiridhisha kila asubuhi. Jua likianza kushuka, yeye mwenyewe hayarudii.

Akawaandikia wauzaji wote wakifute. Wengine walifuta, wengine hawakujibu. Moushumi, anayeuza sari kule Jhalokathi, alinipigia simu akicheka.

"Nikifute kwa nini, mwenzangu? Sauti yako inaniuzia kuliko mdomo wangu. Au unataka ulipwe?"

Nikamsihi. Nikamwambia ni kwa ajili ya uhai wangu. Akafikiri natia chumvi, akanitania kwamba mume wangu kanichosha. Halafu akashusha sauti.

"Ila kuna mtu wa ajabu aliniandikia jana magharibi. Hana jina. Anamuulizia Tuni. Hivi Tuni ndiye nani?"

"Ulimjibu nini, Moushumi?"

"Mimi? Mimi sikumjibu kitu," akasema. "Ulimjibu wewe."

Tangu siku hiyo Rezwan anazitafuta zile nakala. Anakwenda mpaka miji ya mbali na flashi zake, anabisha hodi, anaomba, anafuta. Lakini aliyepewa na Moushumi amempa dada yake, na dada yake amempa mwalimu mwenzake, na wapi zinaishia hakuna ajuaye. Hawezi kuzifuta kwa mbali. Ameupigilia misumari mlango wa nyuma. Kila magharibi lazima awe amerudi. Anafunga pindo la sari yangu kwenye kifundo cha mkono wake, tunakaa kitandani, taa zote zimewashwa.

Najua anachokiogopa. Ninachokiogopa mimi ni kingine, nacho sijamwambia. Jua likikaribia kuzama, mimi huchana nywele.

Jana kulikuwa shwari. Umeme haukukatika, mvua haikunyesha. Simu zetu zilikuwa zimezimwa, kompyuta iko kwa fundi. Rezwan alikuwa ameanza kusinzia pindo lilipokaza na kumshtua. Nilikuwa nimeshasimama. Nilikuwa nalivuta lile pindo kwa nguvu zote, taratibu, bila chuki, kama mtu anayefungua mbuzi.

"Mahfuza," akaninong'oneza. "Unakwenda wapi?"

Nikamtazama kwa mshangao. Nilidhani naye amesikia.

"Nimeshasema nakuja," nikamwambia.