Miche Ishirini ya Nailoni ya Bluu

Kila asubuhi kabla ya kengele, Eveline alipita kitaluni kwanza, ndipo aende kupanga mstari. Alikuwa darasa la sita, kiongozi wa kitalu cha kwaya ya shule, na kazi hiyo aliipenda kuliko hata kuimba. Alimwagilia, aling'oa magugu, alihesabu viriba vya miche kwa kidole huku mikono imemfa ganzi kwa baridi ya Njombe. Wenzake walimtania kwamba siku moja ataolewa na mparachichi.

Kitalu kile kilikuwa na kazi yake. Mwezi wa kumi na moja kulikuwa na mashindano ya kwaya za shule mjini Makambako, na shule ilikuwa haina hela ya kuwapeleka. Mwalimu Tarsis, mlezi wa kwaya, hakutaka kuwatuma watoto na bakuli kwa wazazi ambao walikuwa wametoka kuchangia madawati juzi tu. Akawafundisha kubebesha parachichi. Unaotesha mbegu ya kienyeji, mche ukinenepa kama penseli unaukata, unachomeka kikonyo, yaani kitawi kichanga, cha Hass, zile parachichi zinazouzwa nje, kisha unafunga kwa nailoni hadi viungane. Miche mia mbili ingetosha kukodi kosta, basi dogo, ya kwenda na kurudi, na vitenge vya sare. Tangu shule ianze, kwaya ile ilikuwa haijawahi kuvaa sare, na watoto walishaichagua mpaka rangi.

Sasa sikiliza alichofanya Eveline. Mwezi wa saba, sakitu inapoanguka na majani kuamka meupe, kitalu hufunikwa kwa nyasi kila jioni. Jumapili moja ilikuwa zamu yake, na siku hiyohiyo binamu yake alikuwa amepata kipaimara. Kule kwa mjomba pilau lilikuwa linanukia njia nzima. Eveline akafunika harakaharaka, nyasi zikamwishia kabla ya tuta la mwisho, akajisemea usiku mmoja hauna neno, akakimbilia sherehe. Kesho yake vikonyo ishirini vilikuwa vimeungua, vyeusi tii.

Angesema siku ile, yangekwisha. Lakini aliona aibu, maana Mwalimu alikuwa akimsifu mbele ya shule nzima. Akavichomoa vile vikonyo vilivyokufa, akavificha chini ya mboji. Mashina ya kienyeji yakachipua yenyewe, tena kwa nguvu. Eveline akachana mfuko wa bluu, kwa sababu nailoni nyeupe ya kwaya ilikuwa imekwisha, akaifunga miche ile mahali pale pale panapofungwa mche uliobebeshwa. Mwalimu alipouliza mbona ile ya bluu, akajibu kwamba nyeupe imekwisha. Hilo nalo lilikuwa kweli, ndiyo maana lilimtoka kirahisi.

Mvua za kwanza ziliponyesha, mnunuzi akaja kutoka Makambako. Aliitwa Mama Yoeli, mama mnene, mcheshi, amejifunga khanga juu ya sweta. Alikuja na kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, cha kukodi, na dereva wake, Marcelino. Akasalimia kamwene, salamu ya kwao, watoto wakaitikia, kazi ya kupakia ikaanza.

Huku miche ikipandishwa, Mama Yoeli aliwasimulia kisa chake, kwa kucheka, lakini kicheko chenyewe hakikufika machoni. Miaka mitano nyuma alinunua miche kwa mtu, akaambiwa yote imebebeshwa. Akauza ng'ombe, akachimba mashimo, akaweka samadi, akapalilia miaka mitatu. Ilipozaa, ilikuwa ya kienyeji mitupu, wanunuzi wa parachichi hawakuitazama hata mara mbili. Aling'oa shamba zima. Yoeli, mwanawe, alikuwa anangoja zao lile ili aende chuo cha ufundi, na hadi leo anabeba mizigo stendi.

Kisha akamgeukia Eveline. "Mwanangu, nimeambiwa kitalu hiki ni chako. Hii yote imebebeshwa?"

"Ndiyo, mama," Eveline akasema.

"Basi nimekuamini. Sikagui hata mmoja."

Jamani, afadhali angekagua. Eveline alisimama pale, miche ya bluu inapita mbele ya macho yake mmoja mmoja. Alijikaza kisabuni. Alifikiria vitenge, alimfikiria rafiki yake Lidia, aliyekwisha kumwambia mama yake aje amwone amependeza. Akajiambia ni ishirini tu kati ya mia mbili. Halafu akamwona akilini Yoeli, kijana ambaye hajawahi kukutana naye, na gunia begani. Marcelino akawasha gari. Likasogea hadi kwenye lango.

Eveline alilikimbilia, akasimama mbele yake na mikono ameinyoosha. Mama Yoeli akashuka, akidhani kuna mche umeanguka.

"Mama, nimekudanganya. Ile yenye nailoni ya bluu haikubebeshwa. Vikonyo viliungua kwa sakitu kwa sababu sikufunika, nikavificha. Mwalimu hajui."

Akaangua kilio hapohapo. Mwalimu Tarsis, aliyekuwa amesimama langoni, alimshika mkono akamsogeza kando. Mama Yoeli alimwambia Marcelino azime gari. Alipanda nyuma ya gari mwenyewe, akaitoa miche ya bluu mmoja mmoja, akalipia mia na themanini, akaondoka.

Hela ilitosha kosta. Vitenge ndiyo vikawa basi tena. Wiki ile nzima Lidia hakumsemesha, na wengine walimpitia pembeni. Mwalimu alimnyang'anya uongozi wa kitalu, ila hakumtoa kwenye kwaya. Eveline alikubali yote, na ajabu ni kwamba usiku alilala vizuri, kitu ambacho hakukipata tangu mwezi wa saba.

Kule Makambako waliimba na masweta yao ya shule, ya kijani, mengine yametoboka viwiko. Waliimba hasa, maana waliona wana la kuonyesha. Wakawa wa pili kati ya shule tisa, na Lidia akamkumbatia Eveline kabla hajakumbuka kwamba amemnunia.

Walipotoka nje, Mama Yoeli alikuwa anawangoja, na majirani zake wanne. Akamshika Eveline bega, akawaambia wale majirani, "Huyu ndiye niliyewasimulia habari zake. Miche ikitoka kwake, pandeni mlale." Wote wanne wakaagiza kwa Mwalimu miche ya msimu ujao. Kisha akainama kwa Eveline. "Na ile ishirini yangu ipo? Ibebesheni upya. Naitaka."

Eveline akaitikia kwa kichwa.

Ndani ya kosta, Mwalimu Tarsis alimwita akae karibu naye, wengine wakatega masikio.

"Mwanangu, mche wa parachichi hausemi leo. Unanyamaza miaka mitatu, halafu unasema, na siku hiyo wewe hupo pale kujitetea. Kukosea zamu ni jambo la kawaida, ungeniambia tungebebesha tena wiki ileile. Kuficha ndiko kulikotunyima sare. Na ulipokimbilia lile gari, ndipo ulipotuletea wanunuzi hawa. Kesho asubuhi upite kitaluni."

Asubuhi yake Eveline alikuwa kitaluni kabla ya jua. Mwalimu alimpa vikonyo ishirini vibichi, akasimama pembeni kumtazama. Eveline akazifungua nailoni za bluu moja baada ya nyingine, akakata, akachomeka, akafunga upya kwa nailoni nyeupe.