Klara Amtolea Mungu Chungu

Kila asubuhi ukungu uliingia katika nyumba za Lukozi bila kubisha hodi, na kila asubuhi Klara alionewa vikali na ulimwengu. Alikuwa msichana wa darasa la tano. Uonevu wenyewe ulichemka ndani ya chungu cheusi juu ya mafiga. Jina lake lilikuwa makande, mahindi na maharage yaliyopikwa pamoja.

"Makande tena, mama?"

"Tena," alijibu Secilia, mama yake, akipuliza moto. "Na jioni yatakuwepo pia, kwa hiyo usihuzunike."

Bibi, aliyebakiwa na meno machache yasiyokutana, alicheka. "Asiyetaka anipe mimi sahani yake."

Ilikuwa miaka ile ya mashamba ya ujamaa, na viongozi walimhimiza kila mtu ajitegemee. Klara alikuwa tayari kabisa kujitegemea, mradi asile makande.

Basi mwalimu Kristofa wa shule ya Jumapili akawatangazia watoto: "Jumapili ijayo ni Sikukuu ya Mavuno. Kila mmoja alete kitu cha kumshukuru Mungu, kitoke nyumbani kwao."

Klara alifikiri sana. Mahindi yalikuwa machache, na kuku alikuwa anaatamia. Mwishowe alipata wazo takatifu. Angemtolea Mungu chungu! Mungu angefurahi, kanisa lingefaidika, na makande yangekoma nyumbani kwao milele. Jumapili, mama alipokwenda kuteka maji, Klara alikifunga chungu ndani ya kanga akakiwahisha kanisani.

Baada ya ibada, sadaka za mavuno zilinadiwa uwanjani kama ilivyo desturi. Kabichi zikauzwa. Jogoo akauzwa huku akipinga kwa sauti. Kisha mzee wa kanisa akainua chungu.

"Hiki kimetoka nyumba gani?"

Klara alimwona mama yake katikati ya watu. Macho ya mama yalikwenda kwenye chungu, yakaja kwa Klara, yakatulia hapo. Klara akangoja radi.

"Kimetoka kwetu," mama alisema kwa sauti iliyofika barabarani. "Binti yangu ndiye aliyekileta."

Watu wakapiga makofi. Klara alikuwa amewahi kupigwa kofi, lakini hakuna lililomuuma kama makofi yale.

Chungu kilinunuliwa na Jenoveva, muuguzi mgeni wa zahanati.

Mama hakumgombeza. Aliazima sufuria kwa jirani yao, Mwanahawa. Lakini sufuria ile nyembamba haikuwa na subira: maharage yaliungua chini, mahindi yakabaki magumu kama kokoto. Bibi aliweka sahani chini.

"Nimeshiba," alisema.

Kesho yake alishiba tena, kabla ya kuonja. Klara alimfuata nje, akamkuta akimmwagia kuku chakula chake na kuikaza kanga tumboni.

"Usimwambie mama yako," bibi alinong'ona. "Anahangaika vya kutosha."

Klara alitoka mbio mpaka kwa muuguzi.

"Shikamoo, dada nesi. Naomba chungu chetu."

"Marahaba. Chenu? Nimekinunua mbele ya kanisa zima!"

"Nilimpa Mungu kwa sababu sikukitaka."

Jenoveva aliuma mdomo asicheke. "Na sasa unakitaka?"

"Bibi hali chakula." Machozi yakamtoka Klara. "Mahindi ya chungu kile hulainika mpaka anayaponda kwa ulimi. Nitakuchotea maji. Nitakuletea kuni. Nitakufulia nguo mpaka nitakapoolewa."

"Utaolewa lini?"

"Sijui. Labda nisiolewe."

Jenoveva alicheka. "Kwenu mnakula wangapi?"

"Mimi, mama, bibi, na wadogo zangu wanaogombania ukoko. Na baba, akirudi kutoka kazini kwenye mashamba ya chai ya Kwamkoro."

"Mimi nakula na redio," alisema Jenoveva. "Kichukue. Lakini jioni mnikaribishe."

Jioni hiyo walikaa wote kuuzunguka moto, mgeni akiwa katikati. Bibi alikula, akaongezwa, akaongezwa tena. Klara alimsogelea mama yake.

"Mama, mbona hukusema mbele ya watu kwamba nilikiiba?"

"Chungu kinanunulika, mwanangu. Wewe ningekununua wapi?" Mama alimfunika kwa pindo la kanga yake. "Ila sikiliza. Kumpa Mungu kitu kilichokuchosha si shukrani, ni kufagia nyumba. Tazama vitu ulivyovizoea, ambavyo vikiondoka utalia. Hivyo ndivyo vya kumshukuru Mungu kila siku, hata kama hujavipeleka kanisani."

Klara alilipima neno hilo kwa uzito wote wa darasa la tano.

"Basi mwakani nimpeleke bibi?"

Bibi alisimamisha kijiko hewani. "Nipeleke," alisema. "Lakini wakininadi, hakikisheni ananinunua mtu anayepika makande."