Kamusi Iliyopotea ya Leitau

"Nyumba hii haijawahi kupoteza kitu, hata sindano!" Bibi Leiwia alijisifu asubuhi hiyo, huku akikuna ndizi za laplap, chakula cha kuokwa ndani ya majani. Kisha akapapasa uso wake. "Leitau, mjukuu wangu, hebu nitafutie miwani."

"Iko kichwani kwako, Bibi."

Leitau hakuwa na hamu ya kucheka. Siku ya tatu hiyo alikuwa akiisaka kamusi ya shule. Jikoni haipo, chini ya kitanda haipo, hata bandani kwa kuku haipo. Na adhuhuri Mwalimu Kalsong angepita kukagua daftari: maneno ishirini ya Kiingereza, maana zake, na tafsiri zake kwa Kifaransa. Asiyekamilisha hapandi boti kwenda kwenye shindano la lugha kisiwani Nguna.

"Bibi, kweli hujaiona?"

"Nikwambie mara ngapi? Sijaiona! Unataka nile yamini?"

Katika ukoo wao, mtoto mmoja hupelekwa shule ya Kiingereza na mwingine ya Kifaransa, ili nyumba isipungukiwe lugha yoyote kati ya hizo mbili za serikali. Wa Kifaransa alikuwa binamu yake, Kalmet, aliyelala chali mkekani.

"Nipe fungu lako la laplap, nikujazie yote," akasema Kalmet.

"Kiingereza chenyewe hukijui!"

"Na mwalimu wako Kifaransa hakijui. Tutashikwa na nani?"

"Mlafi wee!" Leitau alifyonza. Lakini jua lilizidi kupanda, akampa daftari.

Mwalimu alipofika, Leitau alimnyooshea daftari, kisha akalirudisha kifuani. "Mwalimu, tafsiri si zangu. Kamusi imepotea, nikampa Kalmet aniandikie."

Mwalimu akasoma, akashusha pumzi. "Kalmet, Kifaransa changu ni kidogo, lakini supu naijua. Neno la ngazi umeliita supu. La mlango, supu. Una njaa, baba?"

Kalmet akatazama vidole vya miguu yake.

"Leitau," Mwalimu akasema, "nguo ya kuazima haisitiri. Lakini umesema kweli kabla sijakushika. Nenda shuleni ukatumie kamusi yangu, ufanye mwenyewe. Nakupa mpaka Jumatatu, kabla boti haijaondoka."

"Umesikia?" Bibi akadakia, kidole juu. "Ukweli ndio mali! Hapa kwangu uongo hauingii!"

Mwalimu akageukia majani ya mkadi ya kusukia mikeka, yaliyolazwa kando ya Bibi. "Yamenyooka hasa, Bibi. Umeyakandamiza kwa kitu gani?"

"Jiwe tu, mwanangu."

Leitau akafunua kitambaa kilichokuwa juu ya majani. Jiwe halikuwepo. Kamusi ilikuwepo, nene, na mhuri wa shule.

"Ala!" Bibi akapapasa uso. "Mie sikuwa na miwani."

"Ilikuwa kichwani, Bibi."