Farasi wa Theluji na Ndama wa Nyati

Mwezi wa tano, kabla jua halijapata joto, kila mtu nyumbani kwetu ana kazi yake. Mkwe wangu Dorrie hukamua ng'ombe wetu mmoja wa maziwa. Mwanangu Ansel hupita zizini kuangalia nani amezaa. Mimi nakaanga mayai na kutega vitendawili, maana magoti yangu siku hizi hayataki habari za zizi.

"Kitendawili," nikasema asubuhi ile.

"Tega, Mama," Ansel akajibu huku akivua buti.

"Theluji humlalia mgongoni usiku kucha, asubuhi hana habari."

"Nyati," akasema. "Na jibu lenyewe limelala kule mtoni kwangu, limeshiba majani yangu. Nitegee kingine, hicho kinanikera."

Nyati wa huku ni wale wenye nundu na manyoya mazito, ambao vitabuni huitwa baisani. Kila majira ya baridi hushuka kutoka hifadhini kutafuta majani bondeni. Mwaka ule walikuja kama thelathini. Marobota yetu ya majani makavu yalikuwa karibu na mto, yamezungushiwa seng'enge ya kimo cha kifua. Ng'ombe huiheshimu seng'enge ile. Nyati aliiegemea tu, ikalala chini.

Tulikuwa na ng'ombe mama arobaini na wanane. Hao ndio chakula chetu, ndio kila kitu chetu. Majani yaliyobaki zizini yalikuwa ya wiki mbili.

"Leo nawatoa," Ansel akasema. "Mguu umekatika. Umeuona?"

Nikachungulia dirishani. Theluji ya mlimani ikianza kuyeyuka, huacha umbo la farasi. Baba mkwe wangu alikuwa akisema, mguu wa mbele wa farasi ukikatika, peleka ng'ombe mtoni. Yeye alifanya hivyo, na marehemu mume wangu akafanya hivyo. Kwa kawaida mguu hukatika mwezi wa sita ukiwa umeshaingia. Lakini mwaka ule theluji ilikuwa haba. Siku ile ilikuwa tarehe tisa tu, mwezi wa tano.

Nilitaka kusema neno. Lakini nani ataanza kubishana na farasi wa mlimani?

Tulikuwa tunamalizia kahawa mbwa wetu Skipa alipopanda kibarazani na kitu mdomoni. Kilikuwa cheusi, kimelowa, kinaburuzika.

"Wewe mchafu, lete hapa," Dorrie akasema, akanyoosha mkono.

"Usikiguse," nikamwambia. "Hilo ni kondo la nyuma."

"La ng'ombe wetu?"

"Hakuna aliyezaa tangu jana asubuhi," Ansel akasema. "Na huyu mbwa katokea mtoni."

Tukatazamana. Dorrie akamfunga Skipa, kisha akampigia simu daktari wa mifugo wa wilaya.

Daktari Nell Quigley ni mwanamke mfupi, sauti yake kubwa kuliko mwili. Alifika akavaa glavu ndefu mpaka viwikoni. Akakata kipande kidogo cha kupima. Kilichobaki akakitia kwenye mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine. Dorrie akamwaga maji yenye dawa ya klorini kibarazani, akasugua.

"Leo ulikuwa na mpango gani na ng'ombe wako?" daktari akamwuliza Ansel.

"Kuwapeleka mtoni mchana huu."

"Pale nyati wanapozalia?"

"Pale baba yangu alipolishia."

"Sawa. Sasa niambie wewe, mfugaji. Ng'ombe akikuta kitu kipya kimelala majanini, anafanyaje?"

"Anakinusa."

"Halafu?"

Ansel akaketi kwenye ngazi. "Anakilamba," akasema.

"Basi hapo ndipo brusela inapopita. Nyati mwenye ugonjwa akizaa au akitupa mimba, vijidudu hujaa kwenye kondo na maji ya uzazi. Ng'ombe analamba, anaugua, mimba yake inatoka. Akigundulika mmoja tu, kundi lako lote linafungiwa. Huuzi hata ndama. Wengine watachinjwa."

"Mitamba wangu nimewachanja wote."

"Umefanya vizuri, endelea hivyo kila mwaka. Lakini chanjo ni kama koti. Linapunguza baridi, halikuzuii kulowa ukiingia mtoni."

Ansel akasimama. "Basi nachukua bunduki, niwamalize leo leo."

"Hawa thelathini? Mwakani watashuka wengine. Tena usimlaumu sana nyati. Ugonjwa huu aliupata kwa ng'ombe, zamani, ng'ombe walipoletwa nchi hii."

"Kumbe ni zawadi yetu imerudi," Dorrie akasema.

Daktari akacheka, kisha akamgeukia. "Na wewe, mama. Maziwa unayokamua, mnayachemsha?"

Dorrie akanitazama mimi. Nikatazama sufuria yangu. Miaka yote tumeyanywa mabichi.

"Yachemsheni," daktari akasema. "Brusela humpata mtu pia. Homa inakuja na kuondoka, viungo vinauma miezi na miezi. Na ukimzalisha ng'ombe, vaa glavu, kisha nawa kwa sabuni."

"Haya yote nimesikia," Ansel akasema. "Ila babu na baba walifuata farasi, na hawakupata ugonjwa. Walikosea nini?"

"Hawakukosea. Farasi wao alikuwa akichelewa. Nyati huzaa kuanzia mwezi wa nne, wengi wao wanamaliza mwisho wa mwezi wa tano. Mguu ulipokuwa ukikatika mwezi wa sita, uzazi ulikuwa umekwisha. Mbweha na tai wameshakula makondo, na jua limeua vijidudu. Mwaka huu farasi kawahi, nyati hakuwahi. Subiri mpaka katikati ya mwezi wa sita."

"Wiki tano. Na majani ni ya wiki mbili."

"Una kilima kule nyuma, mbali na mto. Kigawe kwa waya wa umeme. Wape kipande kimoja kwa siku chache, kisha wahamishe. Hivyo hawatakanyaga majani yote kwa mara moja. Hapo umepata wiki mbili nyingine. Wiki iliyobaki, omba kwa majirani."

Ansel kuomba. Mwanangu yule angekula buti zake kabla ya kuomba.

Alhamisi majibu ya kile kipande yakaja. Kilikuwa na brusela. Dorrie akaweka simu mezani. Kama si Skipa, ng'ombe wetu wangekuwa pale pale, mchana ule ule. Nikampelekea Skipa mfupa mkubwa wa supu, nikamshukuru kama mtu. Daktari alimtoa damu naye, akaonekana mzima, lakini tangu hapo msimu wa uzazi anafungwa.

Ijumaa Ansel akaenda kwa jirani yetu Wade, ambaye ranchi yake iko chini zaidi, ambako nyati hawafiki. Wade akaja na lori limejaa marobota.

"Nasikia siku hizi unafuga kwa ratiba ya nyati," akasema kabla hajazima injini.

"Shusha majani, Wade."

"Wakikwambia uote nundu, utaota?"

"Mimi sijui. Wewe tumbo lako limeshaanza."

Wakacheka wote, wakashusha. Siku ile ile wakazungushia marobota uzio mpya, mrefu kupita mtu, wa magogo mazito. Nikawapa chapati za viazi na siagi mpaka Wade akafungua mkanda.

Ili mambo yasisahaulike, nikatunga kingine. "Adui yangu haonekani. Huja na anayezaliwa, na jua likimkalia hufa."

"Brusela," Ansel akasema. "Mama, sasa unatega na magonjwa?"

"Namtegea mtu anayesahau."

Nyati hatukuwafukuza. Daktari alituonya kwamba kichanga akichoka, mama hugeuka, na hutaki kuwa mbele yake akigeuka. Tulifungua lango la juu, linaloelekea hifadhini, tukangoja. Wiki ya kwanza ya mwezi wa sita, Dorrie na Ansel wakapanda farasi, wakawafuata polepole kwa mbali. Jike mmoja mzee akanyanyua kichwa, akapita langoni. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, na ndama wao wekundu. Hakuna waya uliokatika. Nami nilisimama kibarazani nikawahesabu ndama. Walikuwa kumi na moja, wazuri jamani.

Ng'ombe wetu wakaingia mtoni tarehe kumi na nane, majani yamewafika magotini.

Mwezi wa kumi daktari akaja kuwatoa damu, ng'ombe mmoja mmoja, arobaini na wanane. Siku sita Ansel hakula vizuri. Jumapili tukiwa mezani, simu ikalia. Dorrie akaweka sauti wote tusikie.

"Wazima," daktari akasema. "Wote. Kuleni nyama yenu kwa amani."

Chakula kilikuwa kinapoa, lakini nikasema tusali kwanza. Nikamshukuru Mungu kwa daktari. Nikamshukuru kwa Wade na lori lake, kwa Dorrie na simu yake, kwa mbwa na mdomo wake mchafu. Ansel huwa hasemi kitu mezani zaidi ya amina. Siku ile akakohoa kidogo.

"Na kwa nyati," akasema, macho amefumba. "Uwape majani mengi, Bwana. Ila yawe ya kwao."

"Amina," tukasema, na Dorrie akampa pande kubwa la nyama.